Mwaka wa Kuishia

Kaka yangu,

Shikamoo. Sisi hatujambo, kitindamimba wangu ameng'oka jino, anajidai mtu mzima.

Ofisini nilichora mchoro wa mistari miwili ya mauzo ya karatasi na kadibodi mwaka hadi mwaka, mmoja wa nchi yetu, mwingine wa nchi uliyohamia. Karibu miaka yote mmetuacha mbali. Bosi akaguna, "Dada, mbona unatuvua nguo hadharani? Ishia mwaka ule tuliowazidi."

Mwaka huo ni mmoja tu: ule ambao kiwanda chenu cha karatasi kiliungua, nawe ukapoteza mkono. Nikaishia hapo. Nikapigiwa makofi mkutanoni, Kaka, na nikatabasamu.

Najua mlijenga upya, mkatupita tena. Lakini kwenye mchoro wangu bado mnaungua.

Mdogo wako,
asiye na uso wa kukutazama