Koti Moja, Jumapili Mbili

Shauri Moyo, Nairobi
Jumanne, baada ya kazi

Dada yangu mpendwa Rasoa,

Nakusalimu wewe na shemeji na watoto. Je, kifua cha Mama kimepoa tangu mvua zikatike? Na yule ng'ombe wenu wa mabaka amezaa? Mimi ni mzima, na kazi yangu ya stoo katika kiwanda cha sabuni inaendelea. Nimechelewa kukujibu kwa sababu uliniuliza lini nitamleta Wambui nyumbani, na jibu sikuwa nalo. Sasa ninalo. Usimsomee Mama kabla hujaimaliza barua yote.

Dada, Wambui haji. Anaolewa na Musa.

Ndiyo, Musa huyu huyu wa ng'ambo ya mto, niliyesoma naye, na ambaye huu ni mwaka wa sita tunakaa chumba kimoja. Usimkasirikie bado. Nimerudia shajara yangu ukurasa kwa ukurasa nikitafuta mahali aliponikosea, sijapaona.

Unalijua lile koti letu la kijivu tulilonunua pamoja Gikomba. Ndilo nililovaa katika picha niliyowatumia. Koti ni moja na sisi ni wawili, basi tunapokezana: Jumapili hii mimi, ijayo Musa. Zamu naziandika katika shajara. Tena tuliwekeana sharti kwamba aliyelivaa haulizwi anakwenda wapi. Tuliona ni heshima. Kumbe ndilo lililotuponza.

Wambui ni fundi wa cherehani pale pale Gikomba. Mimi nilimpelekea koti apunguze mikono. Musa, kwa zamu yake, akalipeleka lishonwe bitana. Kila mmoja akawa na sababu ya kurudi. Nilikunywa naye soda mara mbili, nikaandika: "Zamu yangu ya tatu kuanzia leo, nitamwambia." Kisha nikakuandikia wewe, na Mama akatenga kuku wa kumpokea mkwe. Niliwaambia nyote isipokuwa Wambui mwenyewe.

Kabla zamu hiyo haijafika, Jumapili moja ya Musa, nilikwenda soko la Burma kununua maini. Nililiona koti kabla sijamwona mtu. Lilikuwa limenipa mgongo kwenye benchi la wachoma nyama, na mbele yake Wambui anacheka.

"Eliya! Karibu!" akaniita. "Huyu ndugu yako amekwambia?"

Musa akageuka, akanitazama usoni, akaliweka chini pande la nyama. Nadhani alielewa papo hapo.

Chumbani akaniuliza, "Kwa nini hukuniambia, bwana?"

"Na wewe?"

"Si tulisema mtu haulizwi?"

Hatukuongea tena kwa siku ishirini. Kila siku katika shajara ina neno moja: kimya. Koti likabaki msumarini Jumapili mbili, yangu na yake. Jirani yetu Mama Njoki akachungulia mlangoni. "Nyinyi vijana, hilo koti limefiwa? Mbona hata matangani watu huongea!"

Jumamosi nilimkuta Musa anapiga sweta pasi. Kesho yake alikuwa anangojwa Murang'a kwa wazazi wa Wambui, kujitambulisha.

"Utakwenda na sweta kwa wakwe?"

"Kesho ni yako," akasema bila kuinua kichwa.

Ilikuwa yangu kweli, tena ile ya tatu. Nikachukua brashi, nikalikung'uta koti vumbi, nikamtupia.

"Vaa kabla sijabadili nia."

"Na nani atanisindikiza?"

"Mwenye zamu."

Kule, baba yake Wambui, mzee wa maneno machache, alimtazama Musa muda mrefu, kisha akaninyooshea mimi kidole. "Wewe usiye na koti, unamjua huyu?"

Nilikuwa nimeandika maneno ya kusema kwenye karatasi, unanijua. Yote yalinipotea. Nikasema, "Mzee, koti hilo ni letu sote wawili. Miaka sita sasa, hajalivaa hata mara moja siku isiyo yake. La leo nimempa mimi."

Mzee alicheka mpaka akajifuta macho, na mama mtu akanipa chai mimi kabla ya bwana harusi. Wambui hakucheka. Nafikiri ndipo alipojua, maana aliniaga kwa mikono miwili.

Sitakudanganya, dada, iliniuma na bado inauma. Lakini safari nzima ya kurudi tulipiga soga mpaka makoo yakakauka, na usingizi wangu ukarudi. Musa akioa atahamia Makongeni. Koti ameniachia. "Chukua wewe," alisema. "Mimi sasa nimepata wa kuniuliza ninakwenda wapi."

Nisalimie shemeji, na baba mdogo mwalimu wa kwaya, na shangazi yetu wa kinu cha kusagia unga. Nenda mwenyewe kwa mama yake Musa ukamwambie, na uingie kwake unacheka, asije akadhani kuna neno kati ya nyumba zetu. Mama naye mweleze polepole. Yule kuku asimchinje wala asimuuze. Amwache atage.

Jumapili ijayo shajara inasema ni zamu ya Musa. Nimelikata jina lake, nikaandika langu. Nitalivaa.

Ni mimi ndugu yako anayekukumbuka kila siku,
Eliya