Kazi Moja Iliyobaki

Kwako wifi yangu,

Pokea salamu zangu kabla sijaanza kumsengenya kaka yako. Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema unakuuma ukiinama kufua, nikakujibu kwamba huo ni umri, ukanikatia simu. Natumaini mmepoa, mgongo na wewe mwenyewe. Sisi huku tu wazima. Watoto wanakua mpaka viatu vinawakimbia, na kila shule zikikaribia kufungwa wanamwulizia shangazi yao.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Kwenye simu ungenidakia maneno, na haya ya leo nikikatizwa sitayarudia tena.

Wifi, kaka yako amebadilika. Wewe ndiye uliyempa jina la Bwana Kesho, kwa hiyo sina haja ya kukueleza alivyokuwa. Miaka minne choo chetu kilikuwa na pazia badala ya mlango, katika nyumba ya seremala! Wageni walilazimika kuimba humo ndani ili mtu asiwaingilie. Ukimwuliza, alikuwa na jibu lake: mbao bado hazijakauka. Ni mbao gani hizo zisizokauka miaka minne, hakuna aliyejua.

Basi Jumatatu moja, kama miezi miwili iliyopita, niliamshwa na nyundo. Nikatoka na mwiko mkononi, nikamkuta anapachika bawaba za mlango wa choo, hata chai hajanywa. Jumanne akamaliza kabati la mwalimu, ambalo mwalimu mwenyewe alishalisamehe. Jumatano akamaliza kiti cha kinyozi. Nikasema moyoni, huyu ama ana homa ama ana jambo.

Unanijua. Mvua ikikatika ghafla nauliza nani kaikatiza. Nikaanza kumchunguza. Alikuwa amejiwekea utaratibu: asubuhi, kabla ya chai, anaanza na kazi ile anayoichukia kuliko zote, robo saa tu, saa ikiwa imewekwa juu ya benchi. Robo saa ikiisha anakuwa amekwisha kunogewa na kazi, anaendelea. Simu anaitumbukiza kwenye kopo la misumari na kulifunika. Hagusi kazi ya pili mpaka ya kwanza iishe. Na kabla ya kufunga karakana anapanga vifaa vya kesho yake: msumeno, randa, gundi, kila kimoja mahali pake, ili asubuhi asipate kisingizio cha kutafuta. Nilimwuliza kimemsibu nini. Akasema amechoka kujisikia akisema kesho. Lilikuwa jibu zuri mno, na mimi jibu likiwa zuri mno hulishuku.

Nikapekua mifuko ya suruali. Nikakuta vumbi la mbao na pipi moja. Halafu nikamwona amebeba meza ya cherehani anaelekea mtaa wa nyuma, kwa yule mshonaji mjane anayecheka mpaka huku tunasikia. Nikajiambia, panapofuka moshi pana moto. Kesho yake nikaenda na gauni la kupunguza ambalo halikuhitaji kupunguzwa. Mshonaji akaniambia, bila hata kuulizwa, kwamba meza yake imerudi baada ya miaka mitatu, na kwamba mume wangu alikataa hata maji ya kunywa. Alisimama tu mlangoni, akamwuliza kama mtu akiomba radhi amechelewa sana, je, hiyo bado ni radhi. Mshonaji alidhani anazungumzia meza, akamwambia yaishe. Mimi nilijua si meza. Gauni limenibana mpaka leo.

Siku mbili baadaye, nikifagia karakana, niliona kipande cha ubao kimeegeshwa nyuma ya benchi, uso wake umegeuziwa ukutani. Kitu kilichogeuziwa ukutani nami ni maadui, nikakigeuza. Yalikuwa maandishi ya kaka yako kwa penseli yake nene: mlango wa choo, kabati la mwalimu, kiti cha kinyozi, meza ya mshonaji, vyote vimepigwa mstari. Chini kabisa palikuwa na neno ambalo halijapigwa mstari: Kumwambia dada.

Dada anaye mmoja tu, ndiye wewe. Akwambie nini? Sitakuficha, nilikushuku na wewe pia. Nilidhani mna mpango wa kuuza nyumba hii ya marehemu Mama nisijue, nikaanza hata kuhesabu sufuria zilizo zangu. Kila nilipokwenda kuchungulia ule ubao nilikuta neno lile la mwisho lipo palepale, ila juu yake pameongezeka kazi mpya zilizobanwa kwa maandishi madogo. Kunoa visu vya majirani. Kupaka rangi stuli ambayo rangi yake ilikuwa nzima. Kutengeneza ngazi ambayo hakuna aliyeiagiza. Hapo ndipo nilipomwelewa. Mtu huyu alikuwa anamaliza kazi zote za dunia ili asiifikie moja.

Ijumaa iliyopita asubuhi niliuleta ubao ndani, nikauweka kando ya kikombe chake. Nikamwambia leo robo saa yake aitumie kwangu. Wifi, kaka yako alilia. Sijamwona akilia hivyo hata kwenye mazishi.

Wewe tulikwambia kwamba Mama aliondoka ghafla, kwamba alilala mzima na hakuamka. Si kweli. Mama aliugua siku nne. Jumapili aliomba uitwe. Kaka yako alitakiwa kukupigia simu. Jumapili akasema kesho. Jumatatu Mama alikula kidogo, kaka yako akaona hakuna haja ya kukutia hofu. Jumanne alikuwa na kitanda cha watu cha kumalizia. Jumatano alfajiri Mama akafariki, nawe uko mwendo wa basi moja tu, linaloondoka asubuhi na jioni umefika. Ule uongo wa kulala na kutoamka aliutunga yeye, nami nikauitikia. Miaka miwili anautazama mlango wako asithubutu kubisha. Aliniambia alijiapiza kwamba akiweza kumaliza kila alichowahi kukiacha njiani, basi atapata nguvu ya kukimaliza na hicho. Akaomba nimwachie aseme mwenyewe. Anakuja kwako Jumamosi, tiketi ameshakata.

Nilipaswa kumfariji. Nilimfuta machozi, nikamwambia binadamu hukosea. Yeye akanishukuru, wifi, na shukrani ile imeninyima raha mpaka leo. Nyani haoni kundule. Miezi miwili nimempekua mume wangu, mifuko, mabenchi, hata mshonaji wa watu, na mwenye la kuficha nilikuwa mimi.

Mama hakumtuma yeye. Alinituma mimi. Nilikuwa namkanda miguu, akanishika mkono, akasema nimwitie mwanawe leo, nisipitishe leo. Wakati huo, kabla msiba haujatupatanisha, mimi na wewe hatukuwa tukisemeshana. Mwezi mmoja kabla yake ulikuja ukasema mbele ya wageni kwamba shuka za Mama zinanuka, mimi niliyekuwa nazifua kila siku. Niliapa hutaisikia sauti yangu mpaka uniombe radhi. Kwa hiyo nikaenda karakana, nikamwambia kaka yako kwa sauti ya mtu anayepita tu kwamba Mama anamwulizia dada yake, akipata nafasi ampigie. Neno leo nililimeza. Nilijua namkabidhi nani ujumbe ule. Na Mama aliponiuliza, kila siku, kama umeshatoka, nilimjibu kwamba uko njiani.

Ndiyo hiyo, wifi. Yeye alichelewa kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Mimi nilichelewesha kwa kusudi. Akija Jumamosi atajitwika lote peke yake, kwa kuwa hajui. Siwezi kukubali ajitwike.

Nilitaka kukuandikia wewe peke yako, nikaona huo ungekuwa ujanja mwingine. Jana asubuhi, kabla ya chai, nilimsomea barua hii mpaka hapo juu. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliniuliza jambo moja tu, kama siku ile namba ya dada yake ilikuwa kwenye simu yangu. Nikasema ilikuwamo.

Tangu hapo ananitazama kama nilivyokuwa nikimtazama yeye. Nikimpa chai anaichungulia kwanza. Safari ya kuja iko palepale. Nguo amefunga nyingi kuliko za siku mbili, nami sina tena uso wa kumhoji mtu.

Barua hii naipeleka posta mwenyewe sasa hivi, ikufikie kabla yake. Mpokee vizuri, ni ndugu yako. Mimi ukiona nastahili jibu, nitashukuru. Ukiona sistahili, sitauliza sababu. Wasalimie wote hapo nyumbani, na mgongo uukande kwa maji ya moto. Watoto wanakusalimu. Wao bado hawajui lolote, na siku ya kuwaambia nitawaambia mimi.

Ni mimi wifi yako,
mke wa kaka yako, kama bado ataniita hivyo.