Hina Ilipokawia Kukauka

Mama, shikamoo. Likoni kumenyesha tangu alfajiri, mahamri ni ya moto, nami mikono yangu imejaa maua ya hina hadi viwikoni.

Wajua nilikuja kuwauliza kina mama habari za kupigwa majumbani. Mmoja mmoja, mlango ukifungwa, hawasemi. Wanahofu majirani wataanza kuuliza kuna nini. Bi Mwanasha, mwenyeji wangu, akanicheka. "Waite watiwe hina, mwanangu. Mwenye hina mbichi haambiwi inuka upike."

Kumbe ni kweli! Tulipokusanyika kwake kutiwa hina, mumewe alichungulia akitaka chai, sote tukamwonyesha viganja. Akaenda kuipika mwenyewe, huko jikoni ikawa ni kelele za sufuria tu.

Hapo ndipo maneno yakafunguka. Saumu, aliyekuwa hajanijibu neno tangu nifike, alisimulia taratibu mpaka hina ya mkono wake wa kulia ikakauka. Nikadhani sasa atainuka aende zake. Akamnyooshea mtiaji hina mkono wa kushoto.

"Nitie na huu. Sijamaliza."

Nakuletea pakiti ya hina, Mama. Ujitie, ukae kitako, Baba akapike.

Mwanao akupendaye,
Wakio