Jina la Utitiri Uliomdandia Chonga

Kinjumbi,
Alhamisi, mwezi wa Rajabu.

Mume wangu Babu,

Shikamoo. Leo naapa kukueleza yote, hata yale Bibi aliyonikataza.

Tumehamia kijiji kipya. Nyumba zimepangwa mstari, na kengele ya shule naisikia nikiwa bado kitandani. Bibi hajambo. Bado ananiita mke mwenza, bado anadai wali wangu ni bokoboko.

Sasa habari yenyewe. Kwenye shamba la kijiji, ndani ya gogo lililooza, niliokota chonga, yule mbawakawa mwenye pembe anayetoboa minazi. Chini ya tumbo lake palijaa vijidudu vidogo kuliko mbegu za mchicha. Mwalimu alikuwa na mgeni, mtaalamu wa wadudu kutoka Dar es Salaam. Akatazama kwa kioo cha kukuzia, akasema ni utitiri, ila si ule wa kuku. Huu haumnyonyi chonga. Hauna mabawa, basi gogo likikauka unamdandia, anaruka nao, unashuka penye gogo jipya. Nilicheka peke yangu, Babu! Nilikumbuka keria ya baiskeli yako, unavyohema mlimani: "Shuka, utitiri wee!" Nami nimeng'ang'ania shati lako, na wewe husimami.

Jana mwalimu alipata barua ya mgeni: utitiri wetu ni mpya, haumo katika kitabu chochote. Mimi niliyeuona nipendekeze jina. Anakuja Jumamosi kulichukua. Nikataja lako, Selemani.

Bibi aliruka! "Mume wangu awe utitiri? Watani wetu watatucheka mpaka kule Mtama!" Mwalimu akamweleza taratibu kwamba ni heshima, jina litasomwa hata sisi tukiwa hatupo. Bibi akajifunga kanga vizuri. "Kama ni heshima, mke mkubwa yupo hapa. Andika Mwanahawa."

Mwalimu alicheka hadi akakaa chini. Mimi nimekwama. Picha yako hatuna hata moja, na mdogo wangu Zuhura amezaliwa wewe hupo. Nilitaka akijua kusoma akukute mahali. Lakini Bibi tangu jana anatwanga huku anaimba, na sijamsikia akiimba tangu tukuzike.

Pumzika kwa amani, mume wangu. Kitabu kikija, jina lolote litakalokuwamo, nitakuja kukusomea kaburini kwa sauti. Ila nijibu kabla ya Jumamosi, hata ndotoni: unamwachia mke mkubwa, au unagoma?

Mkeo mdogo,
Somoe