Kitambulisho Niliyokuzika Nayo, Mwongeli

Mwaka mmoja umeisha leo, Mwongeli mwanangu, tangu tukuache kule Mwala tukarudi Kangemi bila wewe. Mimi babako sijui kuandika sana, unajua. Kwa hivyo mimi nasema, mtoto wako Kavutha anaandika.

Tunakumbuka darasa yako ya Jumamosi nyuma ya kanisa. Wale wa form four wanakuja, unawaonyesha vile mtu anaomba college, vile anaandika barua ya kazi, vile anasimama mbele ya chifu anauliza swali bila kutetemeka. Siku moja uliniweka kwa kiti nikuwe bosi wa interview. Nikawapatia wote kazi. Ukasema, "Baba, si hivyo!" Lakini ulicheka.

Na kila darasa ulimaliza na ile maneno: "Mtu asitoke nyumbani bila kitambulisho."

Ndio maana nilikuwekea yako. Chini ya mkono, ndani ya sanduku. Niliona wewe si mtu wa kutoka bila. Watu wa ofisi wanaopeana karatasi ya ruhusa ya kuzika walikuwa wameiitisha, nikawaambia imepotea. Kavutha, andika hiyo pia, usiruke.

Sasa mwezi wa sita Kavutha akafika kumi na nane. College ya nursing imemchukua, lakini mkopo ya serikali haiombwi bila kitambulisho, na mwisho ni kesho Ijumaa. Alipoenda ofisi ya vitambulisho, karani mmoja, Kihara, akamwambia, "Leta kopi ya kitambulisho ya mzazi." Na mzazi alikuwa wewe peke yako.

Alitafuta. Aligeuza godoro, akatoa kabati yote nje. "Umau, hujaiona?" Mimi babu yake nikasema sijaona. Wiki tatu, mwanangu, nilisema sijaona. Halafu asubuhi moja nikamwona anajifunga leso, anaenda kutafuta kazi ya kufua. Nikamwambia yote pale mlangoni.

Hakulia. Kakako Kimanzi ndiye alipiga kelele: "Mzee, umezika college ya mtoto!" Kavutha akauliza polepole, "Sasa tutamfukua?"

Nikachukua kofia nikaenda River Road, kwa ile duka ya kopi ulikuwa unapeleka watoto. Nilitaka kuuliza kama mashine hukumbuka karatasi ya zamani, mimi najua nini. Mwenye duka, Debra, alikuwa mwanafunzi wako wa ile darasa ya kwanza kabisa. Akasema, "Mzee, hebu geuka."

Uko kwa ukuta! Kitambulisho yako, mbele na nyuma kwa karatasi moja, imebandikwa na selotepu. Alisema ulimgombeza akianza kazi, kwa vile alikuwa anapiga mbele karatasi moja, nyuma karatasi ingine, na watoto wanarudishwa na ofisi. Ukamwachia kopi yako akuwe anaangalia.

"Hii siwezi kukupatia, mzee," akasema. "Lakini kopi nitakupigia." Alipiga tano.

Jua ilikuwa imekula uso yako kidogo. Kule ofisi Kihara akainua karatasi kwa dirisha, akaangalia, akaangalia tena. Kavutha alinishika mkono mpaka vidole zikauma. "Namba inasomeka," Kihara akasema, akagonga muhuri. Halafu ikakuwa ni kungoja, simu ikilia tunaruka wote.

Kitambulisho ilitoka Jumanne. Jana ameomba mkopo, imeingia. Kutoka hapo akapitia kujiandikisha kura. Nikamwuliza haraka ni ya nini. Akasema, "Mama angeuliza."

Jumatatu anaenda college. Nitasimama kwa mlango nimwulize kama anayo. Wewe kaa na yako.

Unakumbukwa na babako Masila, kakako Kimanzi, mtoto wako Kavutha, Debra, na watoto wote wa Jumamosi.

Hakuna siku tutakusahau, Mwalimu.