Ngoma ya Wakulima Kwenye Piano ya Laoban

Xiaobei, Guangzhou

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Kaa chini kwanza, maana mwanao Shija ameokota bahati ya kupigiwa kengele. Laoban mmoja, ndivyo tajiri anavyoitwa huku, mwenye duka la vinanda na piano, amenipenda mpaka amenifanya mshirika wake. Na kwenye kontena lijalo napakia piano nzima, nyeusi, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi, iwe mali ya kanisa letu. Sharti langu ni moja tu: akaipige mdogo wangu Kabula.

Najua hapo umevua miwani. Ivae, uendelee.

Goti linakuachia ulale? Mama anapumuaje na vumbi hilo la Magu? Mimi ni mzima, nimenenepa, na Kichina nakisema mpaka Wachina wenyewe wananiomba nirudie.

Sasa, Mama amenieleza yote. Kwamba wakati wa sadaka mdogo wangu alipiga kwenye kinanda wimbo wa bugobogobo, ule wa kulimia, kina mama wakaanza kutikisa mabega, na mzee wa kanisa mmoja akajisahau akainua mwavuli kama jembe. Kwamba wewe, mwalimu wa kwaya, ulimtoa Kabula kwenye kwaya, ukafunga chumba cha kinanda na kutia ufunguo mfukoni, ukisema ngoma ni ya shambani, kinanda ni cha Mungu. Tangu siku hiyo hamsemeshani, na yeye anakunja nguo zake aende Dar. Baba, akiondoka na hasira hizo, harudi. Nawajua ninyi wawili, mlifinyangwa kwa udongo mmoja.

Basi sikia kilichonikuta. Kuna mama mmoja wa Shinyanga, huja kununua nguo kwenye soko la Zhanqian. Aliniomba nimpeleke kwa laoban akachague kinanda cha kanisa lao. Laoban ana binti, Xiaoyun, anasomea piano chuoni. Akakaa kupiga ili mteja asikie sauti. Weee, Baba! Mkono wa kushoto unakanyaga palepale kama ngoma kubwa, wa kulia unarukaruka juu yake. Nikasema, "Hii ya kwetu!" Nikanyakua ufagio, nikaurusha juu, nikaudaka, nikaanza kulima katikati ya maboksi. Mama wa Shinyanga akapiga kigelegele. Lakini mguu ukanigomea. Nikitua, muziki bado uko hewani. Nikiruka, wenyewe umetua. Nikaishia kusimama mguu mmoja kama korongo.

Xiaoyun akacheka mpaka akalalia piano. Akasemesha simu yake, simu ikatoa Kiingereza, na Kiingereza cha kupigania bei ninacho.

"Mjomba, unajua kucheza, ila hii inahesabiwa tatutatu. Ni ngoma ya wakulima wa Poland."

"Wakulima? Kwenye piano ya bei hii?"

"Wakulima hasa. Huo mkono wa kushoto unaiga zumari la kijijini kwao."

Akanisimulia, Baba. Aliyeitunga ni mtu wa zamani sana, jina lake limekataa kukaa mdomoni mwangu. Alipokuwa kijana, shule ikifungwa alikwenda mashambani, akawasikia wanakijiji wakiimba na kucheza. Kisha akaondoka kwao kutafuta maisha, kama mimi. Huku nyuma vita vikazuka, na hakukanyaga tena nyumbani. Akakaa Paris, akifundisha piano watoto wa matajiri, na kila mara akizirudia zile ngoma, fupifupi, za piano peke yake, mpaka ugonjwa uliomuua. Hakuzitunga watu wacheze. Alitaka wakae wasikilize.

Nikauliza kwa maneno yako, "Hawakumwambia ngoma ibaki shambani?"

"Wapo walionuna," akasema. "Leo mimi Mchina nazifanyia mtihani."

Tena akasema mtu huyo alipofariki, dada yake aliuchukua moyo wake, ndani ya chupa ya pombe kali, akaupeleka kwao kwa siri. Mimi mtu wa mizigo nikauliza kwanza forodhani alipitaje. Hakuna aliyecheka. Mama wa Shinyanga alikuwa anafuta macho kwa upindo wa kitenge, nami nikajifanya naweka ufagio mahali pake.

Baba yangu, Babu alikuwa manju wa bugobogobo. Wewe mwenyewe ulilima ukiiimba kabla hujajua noti hata moja. Na ile sadaka ya siku ile, mahindi na mtama, ililimwa na akina nani, kwa wimbo upi? Kama gunia limeruhusiwa kuingia kanisani, wimbo uliolilima ungojee mlangoni? Kabula hakumdhihaki Mungu. Alikuwa anaisindikiza sadaka yako. Mfungulie kabla hajapanda basi, nakuomba kwa magoti yangu yote mawili, ambayo bado ni mazima.

Mkumbatie Mama. Msalimie shangazi muuza dagaa, mwambie nguo aliyoagiza haipatikani kwa ukubwa wake China nzima. Msalimie mjomba fundi baiskeli, na yule mzee wa kanisa mwenye mwavuli, mwambie namheshimu. Barua hii anakuletea mama wa Shinyanga mwenyewe. Mpe maji, mpe na kiti.

Mwanao, mkubwa wa watoto wako kwa urefu na kwa maneno,
Shija

Baba, nimeshatia sahihi lakini bahasha haifungiki. Huyo mama hajui kudanganya, ukimuuliza atakwambia, na mimi sitaki umfungulie Kabula kwa kungoja mzigo usiokuja. Kwa laoban mimi ni mbeba maboksi. Ushirika hakuna. Piano hakuna. Nilikudanganya.