Keki Imekaa Mahali Pake

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, magoti yakiwa yamepunguza kelele, na tanuri linawaka bila kukuunguza nyusi. Huku mimi na mkweo hatujambo.

Najua bado umenuna. Nilipokwenda kusomea ukunga ulisema nimeligeuzia kisogo tanuri lililonilea, na tangu siku hiyo salamu zako naletewa na mama.

Sasa sikia. Maneno ya Kiingereza ya darasani yalikuwa yananitoa jasho, hadi mwalimu wetu, mkunga mkongwe mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima, alipotueleza lilikotoka neno placenta, yaani kondo la nyuma. Alisema asili yake ni Kilatini, na maana yake ni keki, ile bapa ya mviringo. Matabibu wa zamani walipoliona kondo walikumbuka keki zao. Wenzangu wakakunja pua. Mimi nilicheka mpaka nikaulizwa kulikoni, nikajibu kwamba baba yangu anaoka keki.

Baadaye nikazalisha kwa mara ya kwanza. Kondo likitoka, mkunga hulitandaza na kulikagua, maana kipande kikibaki tumboni mama anaweza kuvuja damu akafa. Nililigeuza, nikapitisha kidole ukingoni taratibu, kama unavyogeuza wewe kila keki kuona kama kuna kipande kilichoganda kwenye bati. Lilikuwa zima. Mwalimu akauliza nani kanifundisha, nikasema baba. Mpaka leo anadhani nawe ni mkunga.

Baba, kuna jambo nimekuficha, kwa sababu ya presha yako na kwa sababu mwenyewe niliogopa kulitamka. Zile mimba mbili zilizoharibika unazijua, ulilia nasi kabla hujaninunia. Hii ya tatu ina miezi saba. Daktari aliona kondo limekaa chini, limeziba njia, nikawa silali kwa hofu. Jana nimepigwa picha tena, limepanda juu. Keki imekaa mahali pake, na mjukuu wako anapiga mateke. Nililia kwa furaha mpaka mkweo akakosa la kufanya, akaenda kuosha vyombo.

Basi usiseme tena nimeacha kazi ya ukoo. Siku yangu ikifika, mwalimu ameahidi kuligeuza kondo hilo vile unavyogeuza wewe. Nawe nataka uwe nje ya mlango, umebeba keki moja nzima. Usipokuja nitanuna kukushinda, na unajua nimerithi kwa nani.

Msalimie sana mama. Mwambie amestaafu kubeba salamu zako. Safari hii utazileta mwenyewe.

Ni mimi binti yako, mlamba mabati,
Makombo